Ardis Kvamme na Vikombe vya Kanisa

Jumapili ya tarehe 18 Septemba 2011, baada ya ibada, Ardis Kvamme aliosha vikombe vya kahawa vya kanisa la Kilutheri la Nordby kwa mara ya kwanza. Tarehe hiyo haina ubishi. Ilichapwa kwenye matangazo ya wiki, chini ya ratiba ya kwaya, na nakala yake bado imebandikwa upande wa ndani wa mlango wa kabati la jikoni. "Kuanzia leo," yanasema matangazo, "kahawa itanywewa kwa vikombe halisi badala ya vya kutupa. Ardis ataviosha."

Balaa lilikuwa katika neno lile la mwisho, ingawa siku hiyo hakuna aliyeliona, hata Ardis mwenyewe.

Vikombe vyenyewe ni vizito, vyeupe vilivyogeuka rangi ya maziwa, vina mstari wa kijani ukingoni. Vilikuwa vimefungiwa kabatini tangu miaka ya sabini, vikombe vya kutupa, vya plastiki nyepesi, vilipoingia mjini. Ardis alivikuta akitafuta kitambaa cha meza. Alikuwa na umri wa miaka sitini, amestaafu mwaka mmoja uliotangulia, na alikuwa akitafuta pia kitu cha kufanya, ijapokuwa asingelisema hivyo.

Kazi yake ilikuwa kupeleka barua mashambani kuzunguka Nordby, magharibi mwa jimbo la Minnesota, Marekani, kwa gari lake mwenyewe, miaka ishirini na saba. Aliendesha akiwa amekaa upande wa abiria, ambao huko ni wa kulia, mkono wa kushoto kwenye usukani, wa kulia nje ya dirisha ukifungua masanduku ya barua kando ya barabara. Dirisha halikufungwa kuanzia asubuhi hadi mchana, hata theluji inapopiga, kwa hiyo hita ilibidi iwake mpaka mwisho ili vidole visigande. "Nilikuwa napasha joto wilaya nzima," anasema. Alipostaafu alikwenda maktaba ya mji kumsikiliza mwalimu mmoja wa chuo akieleza jinsi mtu wa kawaida anavyoweza kukadiria hewa ya ukaa anayosababisha kwa gari lake, chakula chake na joto la nyumba yake. Waliohudhuria walisikitika kidogo, wakala biskuti, wakaenda zao. Ardis alirudi nyumbani na lile jambo, likakaa naye. Kwa miaka ishirini na saba hakuwahi kujiuliza kama barua fulani ilikuwa na maana. Ilikuwa ni ya kufikishwa, akaifikisha. Hili nalo alilichukua hivyohivyo.

Aliyoyafanya hayakuwa makubwa. Joto la nyumba lilishushwa mpaka mumewe, Merle, akaanza kula chakula cha jioni amevaa kofia ya sufu. Nyama ya ng'ombe ikawa ya Jumapili, kisha ya sikukuu, katika mji ambao jirani wa kulia na wa kushoto wote wanafuga ng'ombe. Mashine ya kukaushia nguo iliondoka, nguo zikaanikwa nje kwenye kamba mwaka mzima. Mwezi wa Januari suruali za kazi za Merle ziliingia ndani zimeganda, ngumu kama mlango. Ardis aliziegemeza kwenye ukuta wa jikoni, nazo zikasimama zenyewe mpaka magoti yalipolegea na kuanza kushuka polepole, kama mtu anayetafuta mahali pa kukaa.

"Huyo mwenzangu kaja," Merle alikuwa akisema. "Mpe kahawa, kaganda."

Merle alikuwa dereva wa greda la serikali la kusukuma theluji barabarani. Aliamka watu wote wamelala na kurudi wakati wengine ndiyo kwanza wanafungua milango.

"Leo nimechoma dizeli yote uliyookoa tangu Pasaka," alimwambia mkewe akivua buti.

"Najua."

"Lakini barabara yako ni safi."

"Asante."

"Basi nipikie nyama."

"Nimepika dengu."

"Ee Mungu wangu."

Alikula dengu zake. Watu waliomjua Merle wanasema hakuwahi kulalamika mbele ya wageni, na kwamba alipokuwa akieleza kwa nini amevaa kofia mezani alisema kichwa chake ni kidogo, hupoa haraka.

Kitu kimoja alikitaka. Watu wa Nordby wakistaafu huenda Arizona kukimbia baridi, na ndugu yake Merle, Dale, alikuwa na nyumba huko yenye chumba cha ziada. Ardis hakukataa, maana hapa mtu hakatai. Alisema tu kwamba ni mbali, na kwamba ndege nazo zina mambo yake. Merle akasema ni kweli. Walikwenda mara moja, kwa treni, wakabadilisha njiani mara kadhaa, na mgongo wa Merle ukamuuma muda wote waliokaa huko. Hakuuliza tena. Alifariki Machi 2023, na Arizona alikuwa ameiona mara ile moja tu.

Kuhusu vikombe, mwanzoni alikuwa na wasaidizi. Walikuja jikoni, katika ghorofa ya chini ya kanisa, wawili watatu kila Jumapili, mmoja akiosha, mwingine akifuta, wa tatu akisimulia habari za mji. Kisha wakapungua. Ili kuelewa walivyopungua ni lazima kujua kwamba Nordby ofa ya kwanza ni salamu na ya pili ni adabu. Ofa yenyewe ni ya tatu. Mtu mwenye njaa hukataa keki mara mbili, mwenye keki akijua hivyo, na wote wawili husubiri kwa subira mpaka zamu ya kukubali ifike. Mfumo huo umefanya kazi tangu babu zao waliposhuka melini kutoka Norwe. Lakini unahitaji muda, na jikoni baada ya ibada watu wana haraka.

"Ardis, nikusaidie?"

"Hapana, niko sawa."

"Kweli?"

"Kweli kabisa. Nenda kanywe kahawa yako."

Mtu akaenda kunywa kahawa. Ya tatu haikuja, kwa kuwa mchezo wa mpira ulikuwa unaanza kwenye televisheni, au kuna ndama anazaliwa, au mtoto analia. Wiki iliyofuata aliuliza mara moja. Wiki ya baada ya hapo alipunga mkono kutoka mlangoni. Katika mwaka wa tatu au wa nne mji mzima ulikuwa umekwisha kukubaliana juu ya jambo ambalo hakuna aliyewahi kulithibitisha: Ardis anapenda kuosha vikombe. Ukiingilia kazi yake jikoni utamharibia raha yake.

Kulikuwa na mashine ya kuoshea vyombo, ikaanza kuvuja. Fedha iliyokuwepo ilikwenda kwenye paa, na hakuna aliyeona shida, kwa sababu Ardis yupo.

Ni mtu mmoja tu ambaye tangu mwanzo hakufurahia, naye ni Lavonne Stueve. Lavonne ndiye msimamizi wa chakula cha misiba kanisani: mikate ya nyama ya nguruwe, saladi ya viazi, jeli ya rangi, keki za kukata miraba, na kahawa ya kujaza bwawa. Yeye na Ardis walikaa dawati moja darasa la kwanza. Siku Ardis alipotoa vikombe kabatini, Lavonne alisimama mlangoni akavitazama kama mtu aliyeona nyoka.

"Unavijua hivyo?" aliuliza.

"Ni vya kanisa. Vizuri, sivyo?"

"Mama yangu aliviosha hivyo. Yeye na mama yako, na wanawake wengine wote, kila Jumapili na kila msiba, wanaume wakiwa juu huko wanavuta sigara. Vikombe vya kutupa vilipokuja, mama alikaa pale kwenye stuli akalia. Alilia kwa furaha, Ardis."

"Lakini vile vya kutupa vinakwenda kwenye shimo la taka, Lavonne, vinakaa huko miaka mia tano."

"Na mama yangu je, yuko wapi?" Lavonne alisema. "Naye yuko shimoni, na mikono ile iliyoharibiwa na vikombe hivi."

Swali hilo Ardis hulifikiria mpaka leo. Lakini aliendelea kuosha.

Siku ya mazishi ya Merle ndipo mambo yalipoharibika. Lavonne na wenzake walitandika meza ukumbini, chini ya kanisa, na kuweka vikombe vya karatasi, vipya, vyenye maua madogo ya buluu. Walikuwa wamevinunua kwa makusudi, ili siku hiyo moja mjane akae kitini kama wajane wengine. Ardis alishuka ngazi akitoka makaburini, theluji bado iko kwenye viatu, akaviona. Alivuka ukumbi na gauni lake jeusi, akafungua kabati, akaanza kutoa vile vizito vya mstari wa kijani, trei baada ya trei, watu wakimpisha. Vya karatasi alivirudisha kwenye mfuko vilimotoka na kuufunga vizuri. Na watu wote walipokwisha kumpa mkono na kuondoka, akakunja mikono ya gauni, akaviosha vile vizito.

"Nilitaka upumzike," Lavonne alimwambia akiwa amesimama na koti lake.

"Najua. Niko sawa."

"Una uhakika?"

"Nenda nyumbani, Lavonne. Barabara inaganda."

Lavonne akaenda. Hawakugombana. Nordby watu hawagombani. Walianza tu kusalimiana kwa sauti nzuri kupita kiasi, na ikakaa hivyo karibu miaka miwili.

Katika miaka hiyo mikono ya Ardis ilianza kumshinda. Kiungo cha chini cha dole gumba, mikono yote miwili, kilivimba. Daktari alisema ni baridi yabisi, akamshauri aache kukamua vitambaa na kushika vitu vizito kwa ncha za vidole, yaani aache kufanya kile hasa alichokuwa akifanya. Akajifunza kunyanyua kikombe kwa viganja viwili, kama mtoto. Jumapili jioni alishindwa kufungua chupa ya dawa ya maumivu na akawa anaiacha wazi tangu Jumamosi.

Pia alianza kuchoka kwa namna nyingine. Alikuwa amesoma mahali kwamba kikombe cha kuosha hakina faida yoyote juu ya cha karatasi ikiwa maji ya kukioshea ni mengi na yamepashwa kwa gesi, na maji ya kanisa yalipashwa kwa gesi. Akapunguza maji. Akawa anasuuza kwa beseni moja badala ya mbili. Kisha akasoma mahali pengine kwamba hesabu ile haikuwa sahihi, halafu pengine kwamba ilikuwa sahihi lakini si kwa vikombe vizito kama hivyo. Barabarani mbele ya nyumba yake yalipita malori ya mahindi usiku na mchana kama kawaida. Wajukuu wa jirani walikwenda Florida kwa ndege kwa siku nne, wakarudi na kofia. "Sikuwa nikitegemea kwamba mimi ndiye nitakayeigeuza dunia," anasema. "Nilitaka tu sehemu yangu iwe safi. Lakini sehemu yangu sijui tena inaishia wapi."

Mwaka 2024 alihamia Nordby mtu anayeitwa Gil Arceneaux, mzee wa Louisiana, kusini mwa nchi, mgane, fundi bomba aliyestaafu, aliyemfuata binti yake muuguzi. Gil ni mtu mnene, mwenye sauti, na kwao mwanamke wa umri wa Ardis huitwa Bi hata ukiwa umemzidi umri. Jumapili yake ya pili kanisani alitokea mlangoni mwa jikoni.

"Bi Ardis, nikusaidie?"

"Hapana, niko sawa."

"Haya," Gil akasema, akaenda kula keki.

Ardis alibaki na kikombe mkononi. Hakuwa amewahi kuona kitu cha namna hiyo. Hata wasiotaka kabisa kusaidia huuliza mara mbili. Alimwona Gil ukumbini, ametulia, anacheka, dhamiri yake haina doa, na akamkasirikia kwa wiki kadhaa bila Gil kujua kwamba amekasirikiwa, maana kila walipokutana Ardis alimuuliza hali ya mguu wake uliokuwa ukimsumbua.

Kuelekea mkutano mkuu wa mwaka wa kanisa, Lavonne alipeleka hoja: vikombe vya kauri virudi kabatini, kanisa litumie vya karatasi. Hoja ilitangazwa kwenye matangazo ya wiki, na kwa siku chache mji haukuzungumza lingine. Wiki ya mkutano, Mchungaji Britta Haugland alimtembelea Ardis nyumbani. Alikaa jikoni na koti lake, kwa sababu ya lile joto la nyumba lililoshushwa.

"Nimekuja nikusikie wewe mwenyewe," mchungaji alisema. "Ungependa iweje?"

"Lolote litakalokuwa rahisi kwa wenzangu."

"Lakini wewe, Ardis. Wewe unatakaje?"

"Mimi niko sawa, Mchungaji. Ongeza keki."

"Hapana, nimeshiba."

"Kipande kidogo."

"Hapana, asante."

"Ni cha mwisho, kitaharibika."

"Haya, kidogo."

Kwa hiyo keki iliulizwa mara tatu na ikaliwa. Swali la vikombe liliulizwa mara mbili, na mchungaji, ambaye naye ni mtu wa huku, alilichukua jibu alilopewa na kwenda nalo.

Mkutano ulifanyika Jumapili ya tarehe 26 Januari 2025, chini ya kanisa, baada ya chakula. Nje palikuwa nyuzi ishirini chini ya sifuri na magari kadhaa yaliachwa yakiunguruma ili yasigome kuwaka. Walipitisha ripoti ya makaburi. Walipitisha ripoti ya paa. Kisha Lavonne akasimama na karatasi ambayo hakuisoma.

"Mimi sina mengi," alisema. "Vikombe hivi vinaumiza watu. Vilimuumiza mama yangu, vinamuumiza mtu mwingine ambaye simtaji. Kuna vya karatasi sasa, si vile vya zamani, hivi vinaoza. Basi."

"Vinaoza vikipelekwa mahali pa kuozeshea," alisema mwanamke mmoja wa meza ya nyuma. "Vyetu vitakwenda dampo tu kama takataka nyingine."

"Basi vitaoza polepole."

Watu wakacheka. Mzee Wendell Froseth, mkulima anayekaa mbali kuliko washarika wote, akainua mkono.

"Mimi sijali kikombe," alisema. "Nakunywa hata kwa buti. Ila tumfikirie Ardis. Ni kazi anayoipenda. Mumewe hayupo. Tukimnyang'anya na hiyo, atabaki na nini?"

Manung'uniko ya kukubali yakapita meza kwa meza. Ndiyo, masikini. Ni kweli. Na ana mkono wa vikombe yule, havunji hata kimoja. Mtu mmoja akapendekeza hoja ya Lavonne ikataliwe na Ardis apigiwe makofi. Ilikuwa wazi kwamba wangepiga kura, kwamba vikombe vingebaki, na kwamba Ardis Kvamme angehukumiwa kwa upendo wote kuviosha mpaka afe.

Ardis alikuwa amekaa karibu na birika la kahawa, mikono mapajani, dole gumba moja limefunikwa na jingine. Alikuwa anatabasamu kama inavyopasa.

"Samahani," Gil Arceneaux alisema. Hakuinua mkono, alianza tu kusema. "Mimi mgeni. Kuna mtu amemuuliza?"

Vichwa vikageukia meza ya mchungaji.

"Nimemuuliza mimi," mchungaji akasema. "Alisema yuko sawa."

"Hata mimi aliniambia hivyo mwaka jana, nikamwamini. Nikaenda kula. Juzi binti yangu ananiambia, 'Baba, umefanya aibu, huku lazima uulize mara tatu.' Mara tatu! Kwetu ukimuuliza mtu mara tatu anadhani wewe ni kiziwi." Alimgeukia Ardis. "Bi Ardis, unataka kuviosha?"

"Niko sawa, Gil."

"Hiyo moja. Sasa—"

"Kaa chini, bwana," Lavonne akasema. "Utatumaliza."

Akaweka karatasi yake mezani. Akazunguka viti, akaja kusimama mbele ya Ardis, karibu sana, kama watu wawili wakiwa peke yao.

"Ardis Kvamme. Nimekujua tangu hujui kufunga kamba za viatu. Sitaki kusikia habari za wenzako na nini kitakuwa rahisi kwa nani. Unataka kuosha hivi vikombe au hutaki?"

Waliokuwepo wanakubaliana kwamba Ardis alichukua muda. Hawakubaliani kama alilia. Yeye anasema hakulia, ni baridi.

"Sitaki," alisema. "Nimechoka, Lavonne. Nimechoka sana. Mikono haishiki tena."

Hakuna aliyejua pa kutazama. Neno kama hilo halisemwi chini ya kanisa. Husemwa kwa daktari, na hata kwa daktari hupunguzwa. Wendell Froseth aliangalia kisigino cha buti lake.

"Mbona hukusema?" sauti moja ikauliza.

"Mbona hamkuuliza?" Lavonne akajibu bila kugeuka. Kisha akakumbuka kwamba na yeye alikuwa miongoni mwao. Alimgusa Ardis begani, mguso mfupi, akarudi nyuma hatua. "Basi. Tuvipigie kura vikombe vya karatasi."

"Karatasi nayo sitaki," Ardis akasema.

"Ee bwana wee, mwanamke huyu!"

"Nimepeleka barua miaka ishirini na saba," Ardis akasema, akitazama meza. "Kila nyumba ilikuwa na sanduku lake. Likianguka walilisimamisha wenyewe, likijaa theluji walilisafisha wenyewe. Mimi sikuwahi kumwoshea mtu sanduku. Kila mtu achukue kikombe kimoja hapo kabatini, aende nacho, akioshe kwake, aje nacho Jumapili. Asiyekuja nacho asinywe. Mimi sitaki kuosha cha mtu."

Ilikuwa hotuba ndefu kuliko zote alizowahi kutoa hadharani. Pendekezo lake lilipitishwa, kwa ajili ya Jumapili. Kwa ajili ya misiba halikupita, kwa sababu misiba ina wageni kutoka mbali ambao hawawezi kuja na vikombe mfukoni, na kwa sababu misiba ni ya Lavonne. Huko vitatumika vya karatasi. Mchungaji aliomba wanaokubali wainue mikono. Ardis alisita, kisha akainua wake, si juu sana. Bega nalo lina shida.

Jumapili iliyofuata, Februari 2, karibu nusu ya washarika walikuja na vikombe. Wengine walivileta vile vya mstari wa kijani vikiwa vimefungwa kwenye soksi ili visipasuke. Mmoja alileta kikombe cha kituo cha mafuta. Gil alileta kikubwa kama ndoo, akasema kwamba kanisa halikutaja ukubwa. Nusu nyingine walisahau, na kwa kuwa kuazima kikombe cha mtu ni kumsumbua, walisimama na mikono mitupu wakisema kwamba hata hivyo leo hawakuwa na hamu ya kahawa.

Wendell Froseth alipapasa mifuko ya koti, akatikisa kichwa, akatoka. Ardis alikuwa amekaa dirishani, kwenye kiti, kikombe kimoja mbele yake. Hakujua afanye nini na mikono. Aliona gari la Wendell, pikapu kubwa ya dizeli, likigeuka kwenye theluji na kushika barabara ya kaskazini, moshi mweupe ukining'inia nyuma yake bila kupanda, kama unavyofanya siku za baridi kali.

"Kaenda wapi huyo?" aliuliza.

"Kaenda kwake kuchukua kikombe," Lavonne alisema.

"Kwake? Kule?"

"Nilimwambia achukue changu. Akasema hapana, yuko sawa."

"Ulimwambia mara ngapi?"

Lavonne akafikiri. "Mbili," alisema.

Ardis alianza kupiga hesabu kichwani, umbali wa kwenda, umbali wa kurudi, injini ya aina ile kwa baridi ya aina ile, dhidi ya kikombe kimoja cha karatasi. Ni hesabu aliyoijua vizuri. Alifika katikati yake, akaiacha. Akainua kikombe chake kwa viganja viwili, akanywa. Wendell alirudi watu wakiwa wanavaa makoti, akiwa ameshika kikombe juu ili wote wakione, na kahawa kwenye birika ilikuwa imekwisha.

Kikombe chake Ardis alikwenda nacho nyumbani, akakiosha, akakiweka juu ya friji. Kamba ya nguo bado iko nyuma ya nyumba. Joto la nyumba amelipandisha kidogo, kwa ajili ya viungo, na anasema halimsumbui, ingawa husema ni kiasi gani kabla hujamuuliza. Dale amepiga simu tena kutoka Arizona. Ardis alimwambia ni mbali.

Jumamosi, tarehe 8 Februari, kuna mazishi kanisani. Kahawa itanywewa kwa vikombe vya karatasi, vile vya maua ya buluu vilivyobaki tangu msiba wa Merle. Lavonne alimpigia Ardis simu kumuuliza kama atahitaji kupitiwa, na Ardis akasema ndiyo bila kungoja aulizwe mara ya pili. Atapitiwa saa nne asubuhi, na watakwenda kwa gari moja.